Bikira wa Mkonge

Sevilla! Jina hilo la mji wa Wahispania lilinitia kichaa miaka ishirini. Kibao chini ya sanamu ya Bikira kilisema: "Mti wa mwerezi, Sevilla, fundi hajulikani." Hajulikani na nani? Sisi akina Tupayachi tunamjua. Ni Melchor, babu wa babu yetu.

Na kasri alimo huyo Bikira, ambalo sasa ni makumbusho, nalijua kuliko hao walioandika kibao. Markizi, mwinyi mmoja wa Kihispania, alilijenga juu ya mawe ya Wainka, likaja kuwa kambi ya askari, kisha nyumba ya kupanga. Mimi na kaka yangu Eleuterio tulizaliwa chumba cha uani, pamoja na kuku. Serikali ikatutoa, ikaleta picha na sanamu, ikaliita makumbusho. Bikira peke yake hakuletwa. Alikuwemo tangu enzi za markizi, kwenye kanisa lake dogo, na hajawahi kusogezwa.

Eleuterio naye ni fundi wa sanamu. Aliposema Bikira ni kazi ya ukoo wetu, mji wetu wote wa Cusco ulimcheka. Sasa ana miaka themanini na mbili na kifua kibovu, nami niliogopa atakufa akiitwa mwongo.

Siku ya kufungua ukumbi mpya, Bikira alitakiwa kuhamishiwa humo. Mkurugenzi, Daktari Ugarteche, akaita wapagazi sita.

"Sita wa nini?" nikamuuliza.

"Mwerezi mtupu huo, Mama Nicanora. Kilo mia mbili."

"Umempima?"

"Nyaraka zinasema."

"Haya, ziambie nyaraka zimbebe!"

Watu wakaangua kicheko. Eleuterio akanivuta shali. "Nicanora, acha, utatuaibisha."

"Aibu tumeshaizoea, kaka. Nishikie bakora."

Sanamu za Sevilla ni gogo zima, lakini wazee wetu walichonga uso na mikono tu. Mwili waliuunda kwa mashina makavu ya mkonge na kitambaa cha gundi, ili wabebaji wa maandamano wasivunjike migongo kwenye vilima vyetu. Kama Eleuterio alikosea, ningeumbuka mbele ya mji mzima. Nikamkumbatia Bikira kiunoni, nikamwomba radhi, nikanyanyua.

Akaja! Mwepesi kama kapu tupu! Mimi, bibi kizee, nikavuka naye ukumbi wote, wapagazi wakinipigia makofi na vigelegele.

Daktari rangi ilimtoka. Lakini nampa haki yake, hakubisha. Aling'oa kibao kwa mkono wake, akatoa kalamu, akamgeukia kaka yangu.

"Mzee Eleuterio, jina la fundi?"

Eleuterio akavua kofia. "Melchor Tupayachi," akasema, kisha akarudia kwa sauti kubwa, mpaka walinzi wa mlangoni wakageuka.