Mama Mkwe na Safari ya Tao la Mawe

Fundi friji alikuwa amezamisha kichwa ndani ya friji ya mteja, bisibisi kaibana kwa meno, aliposikia sauti mlangoni.

"Mkwe wangu!"

Bisibisi ikamdondoka. Tangu aoe, mama mkwe hakuwahi kumwita hivyo. Siku zote alikuwa "fundi" tu, tena kwa sauti ya mtu anayelalamikia bei. Wawili hao hawakuwa wakiiva chungu kimoja.

"Shikamoo, mama. Nyumbani kwema?"

"Marahaba. Kwema. Nataka unipeleke Tao la Mawe."

Fundi akadhani kasikia vibaya. Tao la Mawe ni lile daraja la mwamba lililochongwa na upepo katikati ya jangwa, lile la kwenye kalenda, ambalo wageni huvuka bahari kuja kulipiga picha. Kufika huko ni safari ya kutwa. Na huyu ni mama ambaye hata kwenda sokoni hulilaumu jua.

"Basi nitamwambia mke wangu ajiandae..."

"Mke wako abaki. Mimi na wewe tu."

Machale yakamcheza fundi.

Alipomweleza mkewe na kumuuliza kulikoni, mkewe akacheka mpaka akakaa chini. "Mama? Jangwani? Na wewe?" Kisha akamtazama kwa jicho la pembeni. "Kuna nini kati yenu?"

"Ningejua, ningekuuliza?"

Jirani yake wa karakana, mshona viatu, ndiye aliyemwaga petroli kwenye moto. "Ndugu yangu, hakuna mama mkwe anayempeleka mtu jangwani kuangalia mawe. Huko unakwenda kusomewa mashtaka. Utaambiwa umwache binti yake, na pa kukimbilia huna."

Ijumaa fundi alikwenda kwa mama mkwe kupanga safari. Wakatandaza ramani juu ya meza ya sebuleni, wakaigandamiza kwa vikombe. Fundi akapendekeza njia ya milimani, ambako mtu huona vilima vya mchanga vikigeuka rangi kadiri jua linavyoshuka.

"Kona nyingi," mama akakata. "Hii nyingine je?"

"Hiyo inapita uwanda wa chumvi, mama. Weupe mtupu, kama shuka iliyoanikwa. Imenyooka kama rula."

"Magari?"

"Waweza kwenda nusu siku usikutane na hata moja."

"Vizuri. Watu?"

"Hakuna."

"Vizuri sana. Na simu zinashika?"

"Ukishapita kituo cha mwisho cha mafuta, hazishiki."

Mama akatabasamu. Kila "vizuri" ilimshukia fundi kifuani kama tofali. Akaweka kalamu chini.

"Mama, niwie radhi. Siwashi gari mpaka nijue tunafuata nini huko."

Mama mkwe akanyanyuka, akafunga mlango. Akafunga na dirisha.

"Nifundishe kuendesha," mama akanong'ona.

"Kuendesha nini?"

"Punda! Gari, mkwe wangu, gari! Marehemu baba mkwe wako nilimwomba, akanicheka mbele ya wageni. Binti yangu nikamwomba. 'Mama, kwa umri huo?' Wewe peke yako ndiye usiyethubutu kunicheka." Akanyoosha kidole kwenye ramani. "Nataka nifike kwenye lile Tao nikiwa nimeshika usukani mimi mwenyewe. Na nikikosea njiani, asinione mtu."

Kicheko kilimpanda fundi hadi kooni, akakimeza. Macho ya mama yalikuwa yamelowa.

"Shika hii sinia," fundi akasema taratibu, akimpa sinia ya vikombe. "Ndiyo usukani. Mguu wa kushoto, klachi."

Walikuwa hivyo, mama akikata kona na sinia, fundi akimkanyagia breki zuliani, mlango ulipofunguliwa. Alikuwa mkewe.

"Mnafanya nini?"

"Hakuna," wakajibu kwa pamoja.

Asubuhi ya safari mke alisimama getini, mikono kifuani, akiwatazama mmoja baada ya mwingine bila kuwapungia. Fundi akaendesha hadi nyumba zilipokwisha na mchanga ukaanza. Hapo akasimamisha gari, akateremka, akazunguka, akamfungulia mama mkwe mlango.

"Karibu upande wa pili, mama," akasema, kisha akakaa yeye kwenye kiti cha abiria, akafunga mkanda, akaukaza sana.