Trekta la Kupita Kati ya Mapacha

Katika ndoa ya Bi Fundi na Gia Tano hapakuwahi kutokea ugomvi mrefu kama ule wa trekta. Walishanuniana kwa ajili ya mkwe, kwa ajili ya redio, na safari moja kwa ajili ya chumvi, lakini hayo yote yaliisha kabla jua halijazama. La trekta lilikuwa limeingia wiki ya tatu, na trekta lenyewe hata kununuliwa bado.

Bi Fundi alikuwa fundi cherehani, na ukimjua kwa jambo moja basi ni hili: hakuamini macho. Aliamini futi, ile kamba ya kupimia iliyoning'inia shingoni mwake tangu asubuhi mpaka jioni, hata akipika. Mteja akimwambia, "Wewe kata tu, mwili wangu unaujua," alimjibu kwamba mwili wa binadamu hauna adabu, leo uko hapa kesho uko pale, na akampima upya.

Mumewe aliendesha lori la kampuni miaka thelathini na moja. Jina la Gia Tano alipewa na madereva wenzake, waliodai kwamba gia nyingine nne huzigusa kwa heshima tu. Alikuwa akipotea siku nne, siku kumi, na kila aliporudi alimkuta mkewe kwenye cherehani, mguu juu ya pedali, naye bila kuinua kichwa humwambia maneno yale yale: "Umechelewa. Chai imepoa." Hapo ndipo mzee wa watu alipojua kuwa amefika kwake. Chai yenyewe haikuwahi kupoa hata siku moja, maana huyo aliyekuwa hainui kichwa alishaipasha mara tatu.

Alipostaafu, walihamia kwenye shamba la miti ambalo Bi Fundi aliachiwa na shangazi yake. Ekari tisa, na karibu zote msitu. Nyumba iko mbele, karibu na barabara. Kutoka hapo njia inaingia mitini, inapita kati ya miti miwili minene waliyoiita Mapacha, kisha inateremka hadi kijito. Huko chini, mwisho kabisa, ndiko ilikokuwa mizinga sita ya nyuki ya Bi Fundi. Aliipenda mizinga ile kuliko alivyokubali kusema. Lakini goti lake la kulia lilikuwa limegoma. Kufika kwa Mapacha aliweza, kwa fimbo na kwa kupumzika. Kushuka ule mteremko na kuupanda tena, hapana. Miaka miwili hakuwa amewaona nyuki wake. Mumewe angeweza kwenda kumtazamia, ila aliogopa nyuki kuliko alivyowahi kuogopa trafiki.

"Nyuki wanajilea wenyewe," Bi Fundi alikuwa akisema, na kubadilisha mazungumzo. Lakini kila jioni alisimama kwenye mlango wa jikoni akiangalia upande wa kijito, futi shingoni.

Basi likaja wazo la trekta. Sababu iliyotajwa ilikuwa magogo. Miti iliyoanguka ilikuwa inaoza chini huku wao wakinunua mbao za kurekebishia banda, penye miti hapana wajenzi. Wakaenda kwenye yadi ya matrekta, mahali panaponuka rangi mpya na mpira, wakapokewa na binti mmoja aliyevaa ovaroli ya bluu, penseli nyuma ya sikio.

"Shikamoo mama, shikamoo mzee. Mnatafuta la ukubwa gani?"

"Dogo," akasema Bi Fundi.

"Kubwa," akasema Gia Tano, na kabla neno halijatua alikuwa ameshasimama mbele ya trekta kubwa kuliko yote yaliyokuwa pale, lenye kibanda cha kioo. Alilizunguka. Alilipiga teke tairi, kama madereva wote duniani wanavyofanya, na hakuna hata mmoja anayejua kwa nini. Kisha akafungua mlango, akachungulia ndani kwa muda mrefu, akatoka anatabasamu peke yake.

"Ukubwa wa pua si wingi wa kamasi," mkewe akamwambia. "Unataka kulima msitu au kuufyeka?"

"Mimi nimeendesha tela la magurudumu kumi na nane. Leo unikalishe kwenye kile pale, magoti yagonge kidevu?"

Binti wa yadi alicheka, kisha akawaambia kitu ambacho Bi Fundi alikipenda papo hapo. "Trekta halichaguliwi hapa, wazee wangu. Linachaguliwa na msitu. Nendeni mkapime pale njia inapobana kuliko pote." Akawaandikia upana wa matrekta matatu kwenye kipande cha karatasi: dogo inchi arobaini na tano, la kati hamsini, kubwa sitini na mbili.

Mahali pa kubana palijulikana, palikuwa kwa Mapacha. Na Mapacha hawakuwa miti ya kuchezewa. Chini ya kivuli chao shangazi alimfundisha Bi Fundi kushona, kwa cherehani ya mkono, akiwa binti wa miaka kumi na mmoja. Msumari wa kutundikia futi bado ulikuwa kwenye gome, umemezwa nusu. Wiki ya tatu ya ubishi, Bi Fundi alijikongoja hadi pale, akanyoosha futi kutoka mti hadi mti. Futi iliisha kwenye sitini. Akashika pale kwa kidole, akaongeza. Sitini na sita.

Angeweza kudanganya. Mumewe alikuwa nyuma, haoni vizuri bila miwani. Lakini mtu hawezi kuidanganya futi aliyoivaa miaka arobaini na mitano ikamsamehe. "Linapita," akasema kwa uchungu. "Inchi mbili kila upande." Gia Tano akarudi nyumbani anaimba, na alikuwa na sauti mbaya.

Asubuhi yake mkewe alimkuta anatafuta viatu vya kwendea yadi. "Kaa chini," akamwambia. "Nguo haitoki dukani kwangu bila kujaribiwa." Akamkatisha mianzi minne, wakaifunga kwa masalio ya vitambaa, nyekundu, maua, mistari ya shule, hadi ikawa fremu yenye upana wa inchi sitini na mbili kamili. Hilo ndilo lililokuwa trekta kubwa. Gia Tano akaingia mbele, Bi Fundi akashika nyuma kwa mkono mmoja na fimbo kwa mkono wa pili, wakaondoka.

Sasa usicheke. Au cheka, maana wao wenyewe walicheka. Mzee wa miaka sitini na nane alikuwa anaunguruma kwa mdomo. Alibadilisha gia. Aliwapigia honi kuku wawili, na kwenye kona alimwonya mkewe aangalie kioo cha pembeni. Bi Fundi, aliyekuwa amenuna wiki tatu, alicheka hadi fimbo ikamponyoka, na akawaza kwamba huyu mtu angemuudhi mpaka kaburini na bado angemlilia.

Wakafika kwa Mapacha. Wakapita katikati, mianzi haijagusa gome.

"Unaona?" Gia Tano akasema, na akazima injini kwa mdomo.

Bi Fundi alisimama pale pale. Alikuwa anaangalia fremu waliyoishika kiunoni, kisha akaangalia chini. "Rudi nyuma," akasema. "Matairi ya trekta lako yanapita kiunoni?"

Wakarudi nyuma, wakaishusha fremu hadi chini, wakaisukuma. Ikagonga mizizi upande huu na upande huu, ikakwama. Mapacha walikuwa wamejitanua chini kama sketi ya marinda, na yeye, fundi wa watu, alikuwa amewapima kiuno! Dereva naye, aliyezoea kuogopa matawi na vioo vya pembeni, alikuwa ameangalia juu. Kati yao wawili hakuna aliyepima pindo. Akainama kwa shida, akapima: hamsini na tatu.

"Halipiti," akasema, na safari hii hakuona uchungu.

Gia Tano aliuangalia mti wa kushoto kutoka juu hadi chini. Kisha akasema kitu ambacho hakupaswa kukisema mahali pale. "Basi tutakata mmoja."

"Tutakata nini?"

"Mmoja tu. Huu wa kushoto umeanza kuliwa."

Bi Fundi akaitupa fremu. "Unaua mti wa shangazi yangu ili ukae ndani ya kioo uonekane! Uonekane na nani? Na kima?" Akageuka aondoke kwa hasira, na hasira haina habari na goti. Goti likakunjika, akakaa chini kwa kishindo juu ya mzizi. Hakuumia, ila alijua kwamba hatainuka peke yake, na hilo lilimuuma zaidi.

Mumewe akaja akakaa kwenye mzizi wa pili, wakitazamana kama wasafiri waliokosa gari. Alichomoa uzi mwekundu kutoka kwenye mwanzi, akauviringisha kidoleni.

"Lina kiti cha pili," akasema.

"Nini?"

"Lile kubwa. Humo ndani, pembeni, kuna kiti cha kukunja. Yale mengine yana kiti kimoja, na kwenye madigadi yamebandikwa: abiria haruhusiwi." Akauviringua uzi. "Mlango wa lori langu uliandikwa hivyo hivyo, miaka thelathini na moja. Nimebeba saruji. Nimebeba mbolea. Nimebeba mbuzi wa meneja, na yule mbuzi alikaa mbele, mama watoto, pembeni yangu. Wewe sijakubeba hata siku moja. Halafu kila jioni nakuona mlangoni unaangalia kule. Nikasema, angalau huko nimfikishe."

Kimya kingi kina mshindo mkuu, na huo ndio uliokuwa mshindo wake. Bi Fundi alimtazama mume wake, mvi zake, masikio yake makubwa, ule uzi kidoleni, na akampenda upya. "Na kwa nini hukuniambia?" akamuuliza.

"Ungesema goti lako halihitaji dereva."

"Ni kweli," akasema. "Ningesema." Akamnyooshea mikono yote miwili. "Haya. Niinue."

Waliporudi yadi, walikwenda na namba moja, hamsini na tatu, na swali moja: abiria atakaa wapi? Binti wa ovaroli hakushangaa. Dogo halikufaa, akaeleza: tumbo lake liko chini, lingekalia visiki, na mzigo wa kupanda mteremko lisingeuweza. La kati lingepita kwa Mapacha na kubakiza inchi moja na nusu kila upande, na lina uzito wa kutosha, tela lisilisukume kwenye mteremko. Abiria juu ya trekta, hapana, hata akiwa malkia. Lakini tela jembamba, la chini, lenye breki? Hilo walikuwa nalo.

Fundi wa kuchomelea akalifanyia tela ngao pande zote, na kiti imara, na mkanda. Bi Fundi alishona mto wa kiti mwenyewe, kitambaa kizito, mishono miwili, na kwenye mgongo wake akatarizi kwa uzi mwekundu: ABIRIA ANARUHUSIWA. Gia Tano aliposoma, alisema vumbi limemwingia machoni. Banda lilikuwa limefagiliwa asubuhi ile ile.

Siku ya kwanza waliondoka mapema, yeye kwenye usukani, mkewe nyuma na kofia ya wavu mapajani. Bi Fundi hakuwahi kumwona akiendesha. Alitegemea fujo. Badala yake trekta lilikwenda kwa gia ya kwanza, polepole kiasi kwamba kuku waliwapita, na kwenye kila shimo dereva aligeuka kuangalia nyuma.

"Ongeza gia!" Bi Fundi akapiga kelele.

"Tulia huko. Najua nilichobeba."

Kwa Mapacha alisimama kabisa, akapima kwa macho, akapita katikati bila kugusa mzizi. Kisha mteremko, breki, majani mabichi, ule ubaridi wa kijito usoni, na hatua arobaini kabla ya mizinga akazima injini. Hapo ndipo ushujaa wake ulipokuwa unaishia. Akamshusha, akampa fimbo.

Bi Fundi akaenda mwenyewe. Mizinga miwili ilikuwa mitupu, mmoja wao umeinama. Mitatu iliyobaki upande ule, na ule wa sita chini ya jabali, ilikuwa inavuma. Aliweka kiganja kwenye mbao na akausikia mtetemo ukimpanda hadi kwenye kiwiko. Akawasemesha mambo ya miaka miwili: nani kaolewa, nani kafa, trekta. Alilia kidogo ndani ya wavu, mahali ambapo machozi hayafutiki. Hakujua amekaa kiasi gani.

Aliporudi, trekta lilikuwa limeshageuzwa, linaangalia nyumbani. Gia Tano alikuwa ameketi ukingoni mwa tela, chupa ya chai kando yake, kikombe kimeshamiminwa na kufunikwa kwa sahani. Maisha yake yote mtu huyu alikuwa wa kungojwa. Leo alikuwa amengoja yeye, saa nzima na zaidi, na jasho la woga wa nyuki lilikuwa bado kwenye paji lake.

Hakuinua kichwa.

"Umechelewa," akasema. "Chai imepoa."

Bi Fundi akakipokea kikombe kwa mikono miwili. Kilikuwa cha moto.