Soipan na Maswali Aliyoyaacha Wazi

Wewe uliangalia kando. Usibishe, nilikuona. Siku ile Soipan, binti ya Lemein, alipolia mbele ya duka la dawa hapo Kitengela, matokeo ya mtihani wa kuingia chuo yakiwa kwenye simu mkononi, ulijifanya unatafuta gari. Mimi sisahau. Nakumbuka kila mgombea aliyeahidi shule yetu maktaba, na nakumbuka nani aliuliza msichana wa mfugaji anaenda ng'ambo kutafuta nini. Lakini leo naandika kushukuru, kwa hivyo kaa hapo usome.

Chuo kimoja cha ng'ambo kilikuwa tayari kumsomesha bure, mradi alama zake za ule mtihani, unaofanywa kwa kompyuta, zipande. Alibakiwa na nafasi moja ya kurudia. Na huyo msichana ni moto wa hesabu, kila mtu anajua. Sasa alama duni zilitoka wapi? Nilizunguka nikiuliza. Mkubwa mmoja akaniambia kompyuta haikosei, nenda nyumbani. Mimi nilijifunza kusoma kwa magazeti ya kufungia nyama, lakini najua mtu akikujibu hivyo, hajui kompyuta inafanya nini.

Nikampeleka kwa Nyakio, mwalimu wa hesabu, ambaye tulishawahi kuzozana juu ya ua wa shamba, mimi nikimsema sokoni kwa kipaza sauti. Alifungua mlango akanitazama.

"Mzee Kasaine, leo umekuja bila kipaza sauti?"

Hakungoja jibu. Alitupa chai, akatueleza. Kila somo liko na sehemu mbili. Mashine inaangalia ulivyofanya ya kwanza, kisha inakuchagulia ya pili, ngumu au rahisi. Ukipewa rahisi, hata uipate yote, alama zako zitagonga dari, hazitapanda zaidi. Swali uliloliacha wazi halikupi kitu. Ulilokosea nalo halikuondolei kitu.

Soipan aliweka kikombe chini. Sehemu ya kwanza alikuwa ameacha maswali mengi. Ya pili ilikuwa rahisi mno, akatoka akifurahi, akidhani amepita.

Nyakio akamwambia, kuanzia leo, usipojua, kisia.

"Hapana, mwalimu. Kwetu mtu hasemi asichokijua."

Nyakio alimbembeleza, mimi nikamfokea, msichana akakataa. Alisema huo ni uongo. Wapi! Ikabidi sote watatu twende Kisaju kwa baba yake, maana ni yeye aliyemlea hivyo. Lemein alisikiliza mpaka mwisho, akichora chora mchanga kwa fimbo. Nilijua atasimama na binti yake. Mchungaji anayetaja maji asiyoyaona anaua ng'ombe wa wenzake, na hilo hata mimi nililelewa nalo.

"Ukiitwa shahidi, usikisie," akamwambia. "Lakini ng'ombe akipotea, si unaingia kila korongo? Ukimkosa hapa, umemdanganya nani?"

Soipan aliitazama ile michoro mchangani.

"Kwa hivyo huko ni kutafuta," akasema.

"Ni kutafuta. Na wewe ulikaa nyumbani."

Basi kila Jumamosi Nyakio alimkalisha mezani kwake, bila kudai hata asante. Wakafanya mazoezi ya sehemu ya kwanza kama watu wanaozima moto: jibu swali unalolijua, wekea alama usilolijua, rudi, kisha usiache hata moja wazi. Siku ya kurudia mtihani tulimngoja nje ya lango. Alitoka amechoka, macho mekundu.

"Sehemu ya pili imenichapa, mzee," akaniambia, akicheka.

Sijawahi kufurahi hivyo mtoto wetu akichapwa. Nyakio alishika mdomo. Alijua mashine imempa ile ngumu.

Chuo kimemchukua. Lemein alimpelekea Nyakio kondoo, na tangu siku hiyo hawaitani kwa majina. Kila mmoja humwita mwenzake Paker, kama kwetu tunavyofanya kwa aliyepeana nawe kondoo. Ashe oleng, mwalimu. Asante sana. Ule ua tutaumaliza siku nyingine.

Nimeshukuru, sasa narudi kwako. Allan, kijana wa Ngigi muuza mbao, ambaye mlango wake unaupita kila asubuhi, anaenda kuufanya mtihani huohuo, na hakuna aliyemwambia. Yeye pia ni wa kuacha wazi, nimesikia kwa wenzake. Mimi niko Kisaju, wewe uko hapo karibu naye. Simama. Weka hii karatasi chini, gonga ule mlango, umwambie sasa.