Ng'ombe Mkaidi Kwanza

Kila mara baba yake alipofungua friji kutoa maziwa, shahada ya Linnea ilianguka sakafuni.

Alikuwa ameibandika mlangoni kwa sumaku dhaifu: vikaratasi vya njano kwa mitihani aliyokwisha kufaulu, kimoja cha buluu kwa ule mmoja uliobaki, na kimoja cheupe juu kabisa, kilichoandikwa MACHIPUKO kwa herufi kubwa. Asubuhi hiyo Mzee Verlyn Tollefson aliinama, goti likalia kama bawaba kavu, akaanza kuviokota kimoja kimoja.

"Hiki kinakaa wapi?"

"Hilo ni somo la masoko, baba. Weka chini ya sheria."

"Sheria imeingia uvunguni mwa friji."

"Basi iache huko huko. Nitaitoa nikirudi."

Linnea alikuwa na haraka. Alikuwa anakwenda chuoni kuonana na mshauri wa wanafunzi, athibitishiwe kwamba mtihani wa uhasibu, ambao angeufanya Alhamisi, ndio ungekuwa daraja lake la mwisho kabla ya masomo machache ya darasani. Ratiba ile aliijua kwa moyo kama mtoto anavyoijua njia ya jikoni gizani.

Shahada aliyokuwa nayo ilikuwa ya falsafa. Ilikuwa imemfundisha kuuliza haki ni nini, lakini haikumfundisha kuiweka haki mezani mbele ya watu wenye njaa. Alipohitimu alirudi nyumbani Wisconsin, akapata kazi katika ofisi ya kiwanda cha jibini cha ushirika, kile ambacho baba yake na wafugaji wenzake walikipelekea maziwa tangu enzi za babu zao. Meneja wa kiwanda, Bwana Gehrke, alikuwa anastaafu. Bodi ilikuwa imekata shauri: atakayekalia kiti chake awe na shahada ya biashara ifikapo mkutano wa machipuko. Asipopatikana, wangelipokea ombi la kampuni kubwa ya kusini iliyotaka kukinunua kiwanda. Na kila mtu alijua kampuni ile hununua viwanda vidogo jinsi paka anavyomkaribisha panya.

Linnea akaamini angeweza kukiokoa. Alikuwa bado katika umri wa kuamini mambo kama hayo bila kuona haya. Akatafuta njia, akaipata: chuo kilichomruhusu mtu mwenye shahada moja kuichukua nyingine kwa mkato wa mitihani. Unajisomea mwenyewe, unafanya mtihani, na ukifaulu, kozi inahesabiwa kana kwamba uliikalia darasani. Jambo moja tu hakuliuliza chuoni, nalo ni mpangilio. Mpangilio alikuwa nao tayari, wa zizini kwao. Huko, tangu alipokuwa hajafikia kimo cha ndoo, alifundishwa kwamba ng'ombe mkaidi hukamuliwa kwanza, mkono ungali na nguvu, wapole husubiri. Basi alianza na mtihani wa fedha za makampuni, uliowatoa wengine jasho. Aliufaulu vizuri mno. Baba yake aliwatangazia watu wote kwenye karamu ya samaki ambayo majirani hukutana kula kila Ijumaa.

Ofisini kwa mshauri, Bi Pruett aliitazama kompyuta kwa muda mrefu kuliko ilivyopendeza.

"Huu wa uhasibu," alisema, "unaweza kuufanya, hakuna anayekukataza. Ila hatutauhesabu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu uhasibu ni hatua ya kuelekea kwenye fedha, na fedha umekwisha kuipata. Hatumpi mtu kozi ya chini kwa mtihani akiwa tayari na ya juu yake."

Linnea alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayesubiri mwenzake naye acheke. Bi Pruett hakucheka.

"Yaani nimeshafika ghorofani, sasa mnaninyima ngazi?"

"Ungeanza na ngazi, mwanangu."

"Basi nifutieni hiyo ya fedha. Nianze upya."

"Iliyoingia haitoki."

"Sawa, basi si mseme tu kwamba uhasibu ninaujua?"

"Hatuwezi. Shahada inadai uhasibu. Itabidi uusomee darasani."

"Darasa linaanza lini?"

"Majira ya majani kupukutika."

"Hiyo ni baada ya machipuko!" Sauti yake ilikuwa imepanda; mwanafunzi aliyekuwa akisubiri mlangoni aliinua macho. "Bi Pruett, naadhibiwa kwa sababu najua?"

"Hakuna anayekuadhibu, Linnea. Ni utaratibu." Alimsogezea bakuli la pipi. Linnea alichukua moja kwa adabu, halafu akaudhika kwamba ameichukua.

Njiani kurudi aliendesha gari akizozana na kioo cha mbele. Alipata majibu mazuri ajabu, yote yakiwa yamechelewa. Alivikumbuka vyuo vingine alivyowahi kuviuliza, na jinsi kila kimoja kilivyotaka asome kwao kozi nyingi kwanza. Alikumbuka jua la kiangazi alilolikosa, marafiki aliowaambia "baadaye" mpaka wakaacha kumwalika. Kilichomchoma zaidi si kwamba alikuwa mvivu au mjinga. Angejua la kufanya na uvivu. Alikuwa amefanya bidii, kwa mpangilio aliorithi kwa watu anaowapenda, na bidii hiyo hiyo ndiyo iliyomfungia mlango.

Alimkuta baba yake zizini, ameinama chini ya ng'ombe.

"Wewe ndiye uliyenifundisha ng'ombe mkaidi kwanza," alisema, hata salamu hakutoa. Akamweleza yote.

Mzee Verlyn alisikiliza bila kuinua kichwa. "Nilisema ng'ombe," alijibu mwishowe. "Chuo sijawahi kukikamua."

"Usinichekeshe, baba. Nina hasira."

"Hasira haikatazi kushika mkia. Mshike huyu, ananipiga nao usoni."

Akaushika. Alicheka bila kutaka, kisha machozi yakamtoka, na ng'ombe akageuza shingo kumtazama kwa udadisi wa jirani mwema.

"Kwa hiyo Alhamisi huendi tena?"

"Niende kufanya nini? Hauhesabiwi."

"Mm." Alikamua kidogo. "Na ile habari ya jibini uliyokuwa unanieleza juzi, nayo ndiyo basi?"

Linnea aliuachia mkia. Juzi, akijisomea uhasibu, alikuwa amesimama katikati ya sentensi kama mtu aliyeitwa jina. Vitabu vya kiwanda viliandika jibini kwa gharama ya siku lilipotengenezwa, na ndivyo sheria za hesabu zinavyotaka. Lakini jibini lililolazwa rafuni miaka mingi si lile tena. Ni mali inayonenepa ikiwa usingizini. Kampuni ya kusini ilikuwa imekadiria bei yake kwa kuitazama ile namba ya vitabuni, na bodi nayo iliitazama namba ile ile, ikaona kiwanda ni gofu. Stoo nzima ya jibini la kale ilikuwa imepita machoni mwao kama jibini la jana.

"Ndivyo ninavyofikiri," alisema. "Lakini nani atanisikiliza? Hata mimi sina hakika. Huenda nimesoma kitabu nusu, nikajiona mganga."

"Mimi nilikusikiliza."

"Wewe ni baba yangu."

"Ndiyo maana sikuelewa hata nusu," alisema Mzee Verlyn. "Wanaoelewa hesabu hawakupendi hivyo. Nenda Alhamisi kawaulize hao."

Alhamisi mwanamke wa chumba cha mtihani alimwambia apindue mifuko, akunje mikono ya sweta, avue miwani igeuzwe huku na huku. Alimpa penseli na karatasi ya kukokotolea, akamwonyesha kiti mbele ya kompyuta. Linnea aliyajua haya yote. Mara zilizopita aliyapita kama mtu anayepanda basi. Leo kila swali alilikaribia polepole. Mitihani mingine alikuwa ameifanya kwa hila za mtahiniwa, akikata majibu ya kipuuzi na kubahatisha kati ya yaliyobaki. Leo hila zilimchukiza. Kubahatisha kungemsaidia nini? Palipokuwa na swali la mali iliyoko stoo, aliweka penseli chini, akaliona giza la ghala la Bwana Gehrke, magurudumu ya jibini yamepangwa hadi darini, harufu yake kali, kimya chake. Kisha akaandika hesabu.

Mwisho, kabla ya kuonyesha matokeo, kompyuta ilimuuliza kama ilivyomuuliza kila mtu: afute mtihani huu, usijulikane na yeyote, ama ayaone matokeo? Siku zote alikuwa akibonyeza bila kusita. Sasa, mtihani ukiwa hauna thamani kwa mtu yeyote duniani, alikirudisha kidole nyuma. Akifuta, angeweza kuendelea kuilaumu ngazi ya Bi Pruett maisha yake yote, na lawama ile ingekuwa ya haki. Nje ya dirisha mtu alikuwa akisukuma theluji kando ya njia. Linnea akabonyeza.

Baba yake alikuwa anamsubiri ndani ya pikapu, redio ikisoma bei za maziwa, mfuko wa vipande vya jibini bichi ukiwa mapajani.

"Wamesemaje?"

"Hauhesabiwi, baba. Nilikwambia."

"Sikukuuliza hilo."

Linnea akachukua kipande, kikalia kati ya meno yake jinsi linavyolia jibini lililotengenezwa asubuhi hiyo hiyo. Akamwambia: amefaulu. Mzee Verlyn aliizima redio, akaweka mikono juu ya usukani bila kuwasha gari.

"Mkutanoni nina kura moja tu," alisema.

"Najua."

"Na Gehrke atakuuliza shahada yako iko wapi. Mbele za watu."

"Najua hilo pia. Bado nina hasira, ujue."

"Kaa nayo. Usije ukaiacha nyumbani siku hiyo."

Walipofika, mzee akafungua friji kutoa maziwa, na vikaratasi vikaanguka kama kawaida. Linnea alipiga magoti na kuviokota. Hata kile cha sheria alikichokoa uvunguni kwa mpini wa mwiko. Vya njano vikarudi mahali pake. Cheupe akakibana kwa sumaku mbili. Mkononi kikabaki kimoja cha buluu, cha uhasibu.

"Hicho kinakaa wapi?" baba yake aliuliza, glasi mkononi.

Linnea alikigeuza upande huu na upande ule. Kisha akaufunga mlango wa friji taratibu, kikaratasi kingali kiganjani, akaenda kulitafuta koti lake zuri la kuvaa mkutanoni.