Kiasi cha Chumvi

...kipande kikubwa au kidogo, Joost anauliza, kisu kimesimama juu ya keki, na Wietske anakitazama kisu, maana hapa maabarani mwenye habari njema huleta keki mwenyewe na wote humpa mkono, hongera, hongera, leo keki ni ya Joost, sasa zamu ya Wietske kumpongeza imefika, na habari hiyo njema ni yake yeye Wietske, miaka minne ya kuinamia hadubini akitazama chembe za plastiki zikisukumana majini kama wake wenza, ukizidisha chumvi zinagandamana ovyo, donge tu, ukitia kiasi zinavumiliana, zinajipanga safu kwa safu mpaka fuwele inametameta kijani, na kiasi hicho alikijua yeye peke yake, akamtajia Joost jikoni kwake wakimenya viazi, si ni rafiki yake, na leo makala imekubaliwa kwa jina la Joost, Wietske yuko mstari wa mwisho, anashukuriwa kwa mazungumzo ya wakati wa kahawa... kahawa, jamani...

"Wiets, umelala?" Joost anatania, na profesa anacheka, wote wanacheka, si mara ya kwanza, Joost alishamchukulia zamu ya hadubini, alishasahau kuweka jina lake kwenye bango la mkutano, na kila mara kinyongo kilianza kikayeyuka, kama fuwele changa, ikiwa ndogo mno inarudi majini, ila ikishapita ukubwa fulani hairudi tena, inakua tu... na Jumatano aligundua kwamba ile mirija ya kioo ya zamani, waliyoitumia wote wawili, inaachia chumvi yake yenyewe majini, kwa hiyo kile kiasi alichokitaja jikoni si sahihi, atakayerudia jaribio kwa mirija mipya ataona chembe zinakimbiana tu, fuwele hakuna, na asubuhi alikuja amejiandaa kumwambia, faraghani, kwa upole, arekebishe kabla haijachapishwa, asije akaaibika, masikini...

"Kikubwa au kidogo?" mkono wa Joost umenyooshwa, una krimu kidoleni, anatabasamu vilevile kama siku ya viazi, na hilo ndilo linalomuuma Wietske kuliko makala yenyewe, kwamba Joost haoni kosa lolote, na Wietske anasubiri kinyongo kiyeyuke kama kawaida yake, anasubiri, hakiyeyuki... profesa anatazama saa, kisu bado kimesimama, na lile la mirija, alilomletea kama zawadi, hatalisema.