Mahali Pasipovuja

Asubuhi ya umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi, ukungu wa Ziwa Kivu ulipanda mpaka Nkanka, upande wa Rwanda, ukazimeza nyumba. Nzigire, mama wa Bukavu, Kongo, aliyehamia hapa na anayevusha samaki wa sambaza mpakani, alichimba mtaro na jirani zake akijihisi yuko ndotoni. Majembe yalisikika, wenyewe hawakuonekana.

Kazi ilipokwisha walikaa kwenye nyasi za shule ya serikali, kama ilivyo desturi, kupanga kazi ya mwezi ujao. Mzee Védaste, kiongozi wa kijiji, akauliza: watengeneze paa la darasa la tano, au barabara ya juu, linakokwama basi la shule ya kulipia?

Jamani, paa lile! Nzigire alilipigia kelele mwaka mzima mpaka sauti ikamkauka. Ila tangu muhula huu bintiye Reine hupanda basi hilo, kavaa soksi nyeupe, na wazazi wengine wenye maneno nao wamewahamisha watoto wao. Waliobaki ni wapole, watu wa kutazama chini.

"Sema, Maman Reine," Mukabera, jirani yake, alimgusa goti kumtaka awasemee kama siku zote. "Weye njo kinywa yetu."

Nzigire akasimama. Ukungu ulimfunika miguu, akawa kama anaelea. Alitaka kusema paa, Mungu shahidi. Lakini akilini alimwona Reine akishuka kwenye tope na soksi zake.

"Barabara," alisema.

Makofi yakalia. Mukabera hakupiga, wala hakununa. Alikwangua tope kwenye jembe lake tu. Nzigire aliona haya mpaka masikio yakawaka.

Akiondoka alipita dirisha la darasa la tano. Ndani, Umurerwa, binti wa Mukabera, aliyekaa benchi moja na Reine tangu darasa la kwanza, alikuwa akifagia maji ya mvua ya jana.

"Maman, Reine atarudia lini?" Mtoto alikimbilia dirishani, uso umejaa furaha. "Tulimuchungia fasi yake. Hatukubali muntu aikale pale."

"Pale wapi, mama?"

Umurerwa akaonyesha kona kwa ufagio.

"Pale pakavu. Njo fasi moja tu mvua haifikaka."