Somo Alilopewa Ng'ombe

Maziwa yalikatika saa nne asubuhi, na wanajumuiya walikuwa wanakuja kusali saa tisa. Ikupa alitazama mabonge meupe yakielea kati ya vipande vya tangawizi ndani ya sufuria, akahisi maji yamemfika shingoni. Kijiji kizima cha Kisiba kiliisifu nyumba hii kwa kitu kimoja, chai ya maziwa ya tangawizi ya mama mkwe wake, Atupakisye. Watu walifupisha hata sala ili waifikie. Sasa Atupakisye alikuwa Mbeya kumtunza binti yake aliyejifungua, na sufuria ilikuwa mikononi mwa mkamwana wa miezi minne, mzaliwa wa mjini, ambaye majirani walishasema hajui hata kuwasha kuni.

Ampigie simu mama mkwe? Afadhali ameze majivu ya jiko.

Mumewe, Anyitike, alikuwa zamu kwenye kiwanda cha majani ya chai. Aliyebaki nyumbani ni baba mkwe, Mzee Andongwisye, na huyo alikuwa kama hayupo. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mkamwana na baba mkwe hawatazamani usoni wala hawasemezani. Vijana wengi wameshaacha. Mzee Andongwisye hakuacha hata chembe. Alikohoa kabla ya kuingia uani ili Ikupa apishe njia. Ikupa naye aliweka chakula kwenye benchi, akagonga mlango mara moja, akaondoka. Miezi minne yote hawakuwahi kuambizana neno.

Alipokwenda kuyamwaga maziwa nyuma ya jiko, alisikia kikohozi. Akarudi ndani mbio. Mzee akapita na majani ya migomba hadi kwenye banda la ng'ombe, ambalo limegusana na ukuta wa jiko.

"Subira," alimwambia ng'ombe, kwa sauti ya mtu anayehubiri sokoni. "Maziwa yako ni mazuri, kosa si lako. Tangawizi mbichi ni gomvi, haikai na maziwa."

Ng'ombe akaendelea kutafuna.

"Ichimbwe ile changa, pale mgombani. Ivunjwe vidole vyote ndipo ioshwe, maana udongo hujificha makwapani. Halafu kisu kikae mbali, Subira! Kisu kinaondoa utamu pamoja na ganda. Ikwanguliwe kwa kijiko, taratibu, kama unamwogesha mtoto. Ikishatwangwa, ichemke na maji peke yake mpaka harufu inifikie hapa. Ndipo maziwa yaingie. Mke wangu anafanya hivyo mwaka wa arobaini huu, na mimi nanusa tu."

Ikupa hakungoja kuambiwa mara mbili. Alichimba, akavunja, akaosha, akakwangua kwa kijiko mpaka tangawizi ikang'aa rangi ya manjano. Akatwanga. Akainjika maji. Mvuke wa kwanza ulipotoka, akanyanyua jagi la maziwa.

"Bado, Subira," ilisema sauti ya bandani.

Akalirudisha jagi chini. Jiko likajaa harufu kali ya kukuna koo.

"Haya sasa."

Akamimina huku amefumba jicho moja. Maziwa yakapanda, yakatulia, laini, bila bonge hata moja. Ikupa alicheka peke yake jikoni, amejawa na fahari.

Saa tisa na nusu Monica, jirani asiyefunga mdomo, alipiga funda la kwanza akatazama kikombe.

"Mama Anyitike amerudi lini?"

"Hajarudi, mama. Nimepika mimi."

"Wewe! Na nani amekufundisha?"

"Ng'ombe," alijibu Ikupa.

Wanawake wakaangua kicheko. Kibarazani, walikokaa wanaume, mtu mmoja alipaliwa na chai, akakohoa hata pale ambapo hakuna aliyehitaji kupisha njia.

Wageni walipoondoka, kikohozi kikapita tena kwenda bandani. Safari hii kikombe kitupu kiliachwa kwenye dirisha la jiko.

"Subira, kikombe changu kimekauka. Miaka arobaini sijawahi kuomba cha pili. Mke wangu akirudi, usimwambie."

Ikupa alikijaza mpaka kwenye ukingo, akagonga fremu ya dirisha mara moja, akajiweka kando ya ukuta. Mkono wa mzee ukaja ukakichukua. Akasikika akinywa.

"Ndaga fijo," mzee akashukuru, safari hii kwa sauti ya chini. "Asante sana, mwanangu."

Subira alitafuna tu. Yeye hakuwahi kuitwa mwanangu, na Ikupa alilijua hilo.